Landrova ya Guleid

Jumapili, 7 Septemba 1997

Guleid amemwaga uji wote sasa hivi. Alikuwa mkekani, kijiko mdomoni, ametulia kama mzee wa baraza, mara akasikia mngurumo upande wa soko la ng'ombe. Akatupa kijiko, akaniponyoka, akakimbia na hiyo miguu yake isiyojua kukimbia bado mpaka kwenye lango la miba. "Aabo! Aabo!" Baba, baba. Anachungulia kati ya miti, uji unamtiririka kifuani.

Si baba. Ni gari la baba. Landrova imepita, kijani kama kasuku, nyuma yake Pijo ya Mutiso, nyuma tena lori la Mzee Dagane, lile Bedfodi la wakati wa mkoloni, na magari mengine mawili, wote wanapiga honi kama wanapeleka bibi harusi. Ndicho Chama cha Magari ya Zamani, kinakwenda matembezi yake ya Jumapili. Shemeji yangu Rage ndiye mwenyekiti, kwa hiyo yuko mbele. Hakugeuza shingo. Mtoto wa ndugu yake anamwita baba, yeye na miwani yake ya jua anatazama barabara.

Nimempangusa Guleid. Nimembusu kisogoni pale panaponukia maziwa. Halafu nikasema, Ya Rabi, Rage usimuue, ana watoto. Mwaibishe tu. Mwaibishe mbele ya watu, nami niwepo.

Jumatatu, 8 Septemba

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika mpaka darasa la sita, na kwa sababu mama mkwe wangu hawezi kukisoma. Namwita Ayeyo, yaani bibi, kwa ajili ya Guleid. Jina lake Arbia. Rage ni mwanawe wa kwanza, marehemu mume wangu Bishar alikuwa wa mwisho. Mimi na Ayeyo tunakaa boma moja na hatuna maneno mengi. Naona roho yake iko kwa Rage. Nani asiye na roho kwa mtoto aliyebaki?

Landrova ile Bishar aliikuta Kotile, kuku wanataga ndani. Haikuwa na magurudumu, haikuwa na kiti. Wenye kuku walimcheka. Akaileta juu ya lori la Mzee Dagane, akaifufua hapa hapa uani, skrubu moja moja, mimi na mimba yangu nikimshikia tochi. Siku ilipowaka alinipandisha, akanizungusha mji mzima, akaniambia, "Huyu ndani akizaliwa ndiye mwenye gari. Mimi dereva wake tu."

Malaria ikamchukua Bishar, Guleid akiwa hajaota jino.

Nilipotoka eda Rage alikuja, kanzu imepigwa pasi. "Ramlo, desturi ya dumaal unaijua. Mjane wa ndugu anabaki kwa ndugu."

Nikamwambia, "Naijua, shemeji. Na mimi nasema hapana. Nitakaa na mtoto wangu."

Akatabasamu. "Haya. Mtoto kaa naye. Gari nitamtunzia mimi mpaka aote ndevu."

Akaondoka nalo siku hiyo hiyo. Mlangoni kulikuwa na jina la Bishar kwa rangi nyeupe. Kesho yake lote lilikuwa kijani.

Jumapili, 14 Septemba

Chama kimekwenda Kotile. Guleid alikuwa amelala, hakusikia. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 18 Septemba

Joto. Mbuzi wanalamba ukuta.

Jumapili, 28 Septemba

Leo nimecheka na sijui kama ni dhambi.

Nilikuwa kibandani kwa Kowsar, rafiki yangu anayeuza chai ya maziwa ya ngamia, na mdomo wake ni wembe. Watu wa chama wakarudi kutoka matembezini, wakaegesha magari mstari mmoja, wakaagiza chai. Rage akaanza kumweleza kila mtu vile alivyoipata Landrova, vile alivyoiokoa. Alivyoiokoa! Guleid akateremka mapajani kwangu, akaenda akaikumbatia tairi. "Aabo."

Mutiso ndiye katibu wao. Ni Mkamba, ofisa wa serikali, mpole, anavaa soksi ndefu. Akaniuliza, "Mama, mtoto anaita gari baba?"

Sikupanga. Neno lilitoka lenyewe. Nikamwambia, "Hapana bwana. Anaita mwenzake. Yeye yatima, na gari yatima."

Kowsar akaachia birika. "Agoon!" akapiga kelele. Ndilo neno letu la yatima. "Wallahi gari limepata jina! Waryaa, wewe Rage, Agoon yako inataka maji ama mafuta?"

Wote wakacheka, hata Mzee Dagane, ambaye ndevu zake nyekundu hazichekagi. Rage alicheka pia, lakini chai yake hakuimaliza.

Mtu wa mbali hataelewa. Hapa Garissa jina la kuzaliwa ni la kitambulisho tu. Jina lenyewe watu wanakupa, na likishashika halitoki kwa sabuni wala kwa kesi. Yuko mwenye bucha anaitwa Sikio Moja na masikio anayo mawili. Aliyekatwa sikio ni babu yake.

Ijumaa, 3 Oktoba

Watoto wa madrasa wameanza. Landrova ikipita wanaimba, "Agoon! Agoon!"

Nimemkaanga Guleid mahamri mawili kwa furaha.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimelichochea. Naandika kweli, kwa sababu Mungu anaona. Kila kisima nilikokwenda wiki hii nimeuliza kwa sauti, "Jamani, Agoon amepita?" Wanawake wanauliza Agoon ni nani, nami nawaeleza pole pole, na mtoto nimembeba mgongoni wamwone.

Alhamisi, 9 Oktoba

Harusi ya binti wa jirani yetu Lul. Wanawake walipoanza buraanbur, zile tenzi tunazoimba tukipiga makofi na kucheza katikati, Kowsar akaingia uwanjani na shungi lake jekundu. Alimsifu bibi harusi, akawasifu wajomba, halafu akageuza:

*Lipo gari mjini lavaa kijani,*
*laendeshwa na mtu si lake yakini,*
*mwenye nalo hulilia mlangoni,*
*meno yake manne, uji kidevuni.*

Kwa Kisomali ni tamu kuliko nilivyoandika hapa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka hema likatikisika. Mke wa Rage alikuwepo. Aliinuka akaenda. Sikumhurumia. Mwezi jana alikaa kiti cha mbele cha gari lile akila ubuyu na kutema mbegu dirishani.

Jumapili, 12 Oktoba

Sasa mtu mwenyewe anaitwa Rage Agoon. Si gari tena, mtu.

Amekuja leo baada ya matembezi. Hakuketi. Ayeyo alikuwa pembeni anasuka mkeka.

"Wewe umenifanyia nini, Ramlo? Ninaingia msikitini watu wanakohoa."

"Wana mafua, shemeji. Msimu unabadilika."

"Unanichezea. Haya. Tarehe ishirini na sita chama kinakwenda Habaswein, matembezi makubwa ya mwaka. Kuna mfanyabiashara wa Elwak atakuja pale kulitazama gari. Akilipenda ataondoka nalo. Likifika Elwak liite jina hilo huko, tuone nani atakusikia."

Elwak! Mpakani kule gari likiingia halijulikani tena.

"Hilo ni la mtoto," nikasema.

"Mtoto hana leseni." Akamgeukia Ayeyo. "Mama, nimesema uongo?"

Ayeyo hakuinua kichwa. Alivuta ukindu, akakaza. Basi nikajua niko peke yangu katika boma hili.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikulala vizuri. Guleid ameota jino la tano. Ameniuma nalo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua! Matone makubwa kama fenesi, halafu mto kutoka juu. Watu walitoka nje kucheza. Redio ya Kowsar inasema kuna kitu kinaitwa Elnino kinakuja. Kowsar anasema ni jina la mwanamume, na akifika hapa atapewa lingine.

Jumatatu, 20 Oktoba

Bado mvua. Nilitumaini matembezi yataahirishwa. Mutiso alipita akaniambia wameketi kikao, wengine walitaka wangoje, mwenyekiti amekataa. Pijo yake iko chini mno kwa matope, kwa hiyo ataingia kwenye lori la Mzee Dagane. Wanatafuta wanawake wawili wa kupika.

Nimempa majina mawili: Kowsar na mimi.

Nimeshajua nitakalofanya. Mnunuzi akishafika, watu wote wakiwa wamekaa na sahani mkononi, nitasimama na kumwuliza mbele yao kama kule Elwak wanakula mali ya yatima kwa wali au kwa mkate. Hakuna Mwislamu atakayelipa baada ya hapo. Na Rage nitamtazama usoni wakati huo. Nataka kumtazama usoni, hilo tu ndilo naliomba.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo ndipo nimemwambia Ayeyo kwamba naenda Habaswein. Nilidhani atanizuia kwa ajili ya mtoto. Alimchukua Guleid kutoka mikononi mwangu, akamweka kiunoni kwake, akasema, "Nenda. Maziwa atapata." Nilipokuwa mlangoni akaniita. "Ramlo. Bishar alipolileta lile kopo, nani alilisugua kutu?"

"Wewe, Ayeyo?"

"Mimi. Kwa majivu. Kucha zangu mbili zilikufa." Akarudi jikoni.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimerudi. Nitaandika yote.

Tuliondoka Jumapili baada ya swala ya alfajiri. Lori mbele, sisi juu na sufuria na mbuzi wawili, Landrova nyuma na Rage peke yake kwa sababu hakuna aliyetaka kupanda Agoon. Magari yale mengine mawili yalikwama Modogashe yakabaki huko. Njia ilikuwa uji mtupu. Kowsar aliimba mpaka sauti ikakauka.

Alasiri tukafika kwenye laga karibu na Habaswein, ule mto mkavu ambao siku zote ni mchanga. Maji yalikuwa magotini, mekundu. Mzee Dagane akavusha lori pole pole mpaka ng'ambo. Akafunga kamba nene nyuma ya lori, akarudi kwa miguu akaifunga mbele ya Landrova, akamwambia Rage, "Kaa hapo hapo. Tuswali kwanza, kisha nitakuvuta. Gari lako ni jepesi."

Akavuka tena. Wanaume wakatandaza mikeka ng'ambo yetu, wakapanga safu. Kowsar akaenda kuswali nyuma yao. Mimi sikuwa na swala siku ile. Mutiso Mkristo naye akasimama kando ya lori na mikono mfukoni. Lori lilikuwa linanguruma, Mzee Dagane hakulizima kwa sababu betri yake imekufa, halafu akamwambia Mutiso alichunge.

Basi Rage hakungoja. Kwa mbali aliona gari jeupe linatoka Habaswein kuja kwetu, akajua ni yule mtu wa Elwak. Hakutaka kuonekana ameketi ng'ambo kama mzigo. Akatia gia akaingia majini mwenyewe. Alifika katikati. Magurudumu yakazunguka, yakazunguka, yakazama. Tope likaruka likafunika kioo chote cha mbele.

Akatoa kichwa dirishani. "Mutiso! Futa! Futa!"

Sasa hapa lazima nieleze. Sisi watu wa huku ulimi wetu v hauijui, unaifanya f. Alikuwa anasema VUTA. Panda lori, vuta kamba. Sisi kwetu mtu akisema futa tunaangalia tu kama ameshika kamba au ameshika kitambaa, tunaelewa. Mimi mwenyewe mwalimu alinichapa vidole mpaka v yangu ikanyooka. Lakini Mutiso Kiswahili chake ni cha ofisi. Alisikia futa. Akatazama gari, akaona kioo kimejaa tope, akasema, "Ndiyo, mwenyekiti," akavua viatu, akavua zile soksi ndefu akazikunja vizuri, akaingia majini na leso yake nyeupe. Akafuta kioo.

"Futa, bwana! Mbona hufuti!"

"Nafuta, mwenyekiti!"

"Futa na nguvu!"

Akafuta na nguvu. Alitema mate kwenye leso, akafuta pembe zote. Rage ndani anapiga usukani kwa ngumi. "Futa! Ninazama, futa!" Mutiso akahamia vioo vya pembeni.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na mwiko mkononi. Nilielewa tangu neno la kwanza. Na sikusema. Nilikuwa natazama uso wa Rage nyuma ya kioo kinachosafishwa, unaonekana vizuri zaidi kila leso ikipita, na moyo wangu ulikuwa unakunywa. Nilisema moyoni, zama. Hata gari lizame, afadhali lizame kuliko Elwak.

Halafu nikasikia sauti ya juu ya laga. Kila mtu wa huku anaijua, kama malori mengi yanakuja pamoja. Ni maji ya mbali. Imenyesha mvua usiyoiona, na ukuta wa maji unakuja na miti yake.

Niliona watoto wa Rage. Sijui kwa nini. Yule wa mwisho ana meno kama ya Guleid.

"VUTA!" nikapiga kelele mpaka koo likachanika. "Mutiso, anasema vuta! Vuta kamba! Toka majini, panda lori uvute!"

Mutiso alisimama na leso juu. "Aaah!" akasema, kama mtu aliyeelezwa hesabu. Akakimbia miguu mitupu, akarukia lori, akatia gia. Kamba ikakaza. Landrova ikanyanyua pua, ikaja kidogo, ikaja tena, na bampa likang'oka lote. Maji yakafika. Rage alikuwa ametoka dirishani, akadaka kamba na bampa lake, na lori likamkokota mpaka ng'ambo kwa tumbo kama mbuzi wa kafara aliyekataa. Landrova ikaviringika mara moja, ikaenda na maji, ikakwama kwenye mgunga.

Wanaume walikuwa wanamaliza swala. Walipogeuza nyuso kulia kutoa salamu, gari lilikuwepo. Walipogeuza kushoto halikuwepo.

Rage alikuwa amelala kwenye tope na amekumbatia bampa. Mutiso akamsogelea na ile leso. "Mwenyekiti, samahani. Nifute uso?"

Yule mtu wa Elwak alikuwa ameshashuka kwenye gari lake jeupe na ameona kila kitu. Alicheka mpaka akaketi chini na suti yake. Hakuuliza hata bei. Swali langu la wali na mkate nililolibeba kutoka Garissa sikupata pa kulitua.

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka, laga ni mchanga tena, kama halijafanya chochote. Wakaiinua Landrova kwa magogo na kamba mpaka juu ya lori. Imebonyea paa, haina mlango mmoja, injini imeshiba mchanga. Mzee Dagane akauliza, "Rage, niishushe wapi?"

"Itupe popote. Sitaki kuiona."

"Cha yatima hakitupwi," akasema yule mzee. Na leo mchana ameishusha hapa uani, pale pale Bishar alipoifufua. Guleid ameizunguka, amegusa, amenitazama. Hakuita chochote.

Nilimtaka Rage aaibike nami niwepo. Nimekuwepo. Na gari la mwanangu limekufa. Nimelilia gari kama mtu.

Jumapili, 2 Novemba

Hakuna matembezi. Chama hakina mwenyekiti, hakina njia, kina matope.

Jumatano, 5 Novemba

Jina limegeuka! Hakuna anayesema Agoon tena. Mji mzima sasa ni Rage Futa. Vijana wanapita dukani kwake na matambara, wanafuta kioo cha duka. "Tumefuta, mwenyekiti! Tufute na nguvu?" Jana amefunga duka kabla ya adhuhuri.

Nilidhani nitafurahi. Nimekasirika. Lile jina langu lilikuwa na mtoto ndani yake. Kila mtu aliyelitaja alimtaja Guleid. Hili la sasa ni la kuchekea ulimi, na ulimi huo ni wetu sote, hata wanaocheka wanasema "Rage Futa, kuja futa hii jagi ya maji." Wamemsahau mwenye gari.

Nimemlaumu Kowsar. Akasema, "Abaayo, dada yangu, jina ni mchuzi. Ukishapakua sahani ya watu, usifuate na kijiko."

Jumamosi, 8 Novemba

Ayeyo leo amenionyesha yeye ni nani.

Rage alileta nyama kwa mama yake kama kila wiki. Ayeyo akaisukuma kwa fimbo. "Sili."

"Mama, ni ya mbuzi dume, nimechinja mwenyewe."

"Nilipokuwa nasuka mkeka uliniuliza kama umesema uongo. Nilikuwa natafuta jibu. Jibu nimepata. Mtoto hana leseni, wewe huna mama. Maji yako, nyama yako, sukari yako, sitatia mdomoni mpaka gari hili lipige kelele hapa uani. Na si fundi. Wewe. Mikono yako."

"Mama, mimi sijui injini!"

"Bishar naye alizaliwa anajua?"

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango na kumfumba Guleid mdomo. Nilimdhania mwanamke huyu vibaya miezi yote hii. Kisasi changu ni cha maneno. Chake ni cha njaa yake mwenyewe.

Jumatatu, 10 Novemba

Amekuja. Ametandaza turubai, ameingia chini ya gari. Miguu tu inaonekana.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua na Rage. Nimekunywa chai mlangoni, vikombe viwili, nikipuliza kwa sauti. Sikumpa.

Jumapili, 16 Novemba

Mto umepanda, nyumba za chini zimeondoka. Barabara ya Nairobi imekatika, sukari hakuna. Yeye anakuja hivyo hivyo, kanzu ameacha, amevaa gunia. Mutiso anamsaidia kusoma kitabu cha Kiingereza cha injini. Jana nilisikia:

"Imeandikwa uvute hii."

"Futa ya kamba ama futa ya kitambaa?"

Wakacheka wote wawili. Nikarudi ndani haraka nisije nikacheka nao.

Jumanne, 25 Novemba

Rage amekatika kidole cha shahada kwa feni ya injini. Ayeyo alimfunga kwa kitambaa, bila neno. Chakula cha Rage hajakionja bado. Anakula ninachopika mimi tu, na amekonda.

Sikumwambia pole. Ilifika hapa kooni, nikaimeza. Kidole chake gumba ni sawasawa na cha Bishar, kipana, na ukucha umepinda. Nimekasirika kwamba nimeona.

Ijumaa, 5 Desemba

Guleid ana homa. Nimekaa naye tu.

Jumapili, 7 Desemba

Homa imeshuka. Ameomba uji, ameumwaga. Alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Alhamisi, 18 Desemba

Injini imekohoa mara moja, ikanyamaza. Ayeyo alisimama na mkono kifuani. Rage alilala juu ya boneti kama mtu aliyechoka kulia.

Jumatano, 24 Desemba

Chama kimeamka. Mutiso amepita nyumba kwa nyumba kuwaambia: Jumapili, kabla Ramadhani haijaingia, kutakuwa na matembezi madogo, hapa hapa mjini mpaka ukingoni kuuona mto, maana njia nyingine hakuna. Mzee Dagane amesema Landrova ikiwaka itatangulia, na mbele atakaa mwenye gari na mama yake.

Jumapili, 28 Desemba

Asubuhi hii Rage aligonga lango. Aligonga! Lango lililokuwa likisukumwa kwa mguu. Alisimama nje juani mpaka nikamwambia pita.

"Ramlo, Ramadhani inaingia. Watu wanaombana radhi. Nimekuja kuomba yangu."

Nikakunja mikono. "Endelea."

"Gari ni la Guleid. Nimewaambia wazee, nimemwambia kadhi, na jina la Bishar nimelirudisha mlangoni, utaliona. Mlango wenyewe si wa kijani wala si mweupe, ni wa rangi niliyopata." Akajipangusa jasho. "Radhi ukinipa, sawa. Usiponipa, pia nimestahili. Lakini nina ombi lingine."

"Lipi?"

"Hili jina. Futa. Wanangu wanaitwa watoto wa Futa shuleni. Nirudishie lile la zamani. Agoon. Wewe na Kowsar mnaweza, mkitia kwenye buraanbur moja tu, mji utafuata. Lile lilikuwa la aibu, lakini angalau lilikuwa la mtu. Hili ni la kitambaa."

Sikuwahi kufikiri nitaona siku mtu ananiomba nimrudishie tusi langu. Ayeyo alinitazama, Rage alinitazama. Kila mtu anajua jibu linalotakiwa kabla ya Ramadhani. Msamaha ni bora, hata mwalimu wa madrasa alisema. Lakini mimi nilisimama miezi na miezi kwenye lango lile na mtoto mwenye uji kifuani, na hakuna aliyeniambia mimi msamaha ni bora.

Nikamwambia, "Ngoja nje. Nitafikiri."

Nimeingia ndani na nimefunga mlango. Nasikia magari yanajipanga, honi ya lori, Kowsar anatukana mtu kwa mapenzi. Wote wananingoja mimi. Wacha wangoje kidogo, ni tamu.

Radhi nitampa, nusu. Ile nusu ya watoto wake. Nusu ya gari la kijani nabaki nayo, nitaiangalia baada ya Idi. Na jina, lile la zamani halirudi, lina mwenyewe na mwenyewe ameshapata haki yake. Lakini Futa nitamwondolea. Nimempa jingine kichwani tangu siku ile nilipomwona amelala juu ya boneti. Ni lile alilojiita Bishar siku gari lilipowaka, halina tusi hata moja, mtu anaweza kuitwa hivyo mbele ya mama yake, mbele ya wanawe, mpaka kaburini, na kila atakapoitika atakumbuka ni nani alimpa na kwa nini. Kowsar nitamnong'oneza leo leo, na kabla ya mfungo kwisha hakuna mtu Garissa atakayemjua kwa lingine. Kuanzia leo ataitwa Rage

Ayeyo anaita, gari limewaka, anasema nije upesi na mtoto, Mutiso ameshika mlango usije ukafunguka weny